Bakteria Wanapopeana Usugu Wodini

Hotuba kwa waganga wafawidhi, wauguzi viongozi, wafamasia na wataalamu wa maabara, Wiki ya Uhamasishaji kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa (UVIDA), Novemba. Imeandikwa kutokana na maelezo ya msemaji na kuhaririwa kidogo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wafawidhi, makatibu wa afya, wauguzi viongozi, wafamasia, wenzangu wa maabara, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na tano mara tu baada ya chai, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake kabla sijafungua mdomo. (Kicheko.) Basi twende moja kwa moja kwenye sahani.

Hii mnayoiona ukutani ni sahani ya kufundishia. Wengi wenu huletewa majibu yake kwenye karatasi bila kuiona yenyewe. Bakteria wamepakwa juu yake wakaachwa usiku kucha kwenye joto, na asubuhi wameota kama utando mweupe uso mzima. Vile vidude vya duara ni karatasi zilizoloweshwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa ikifanya kazi, karatasi inazungukwa na uwazi usioota kitu. Sasa tazameni ampisilini: utando umefika mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Jentamisini, hivyo hivyo. Septrini, hivyo hivyo. Seftriaksoni, ambayo ndiyo tegemeo la wodi zetu karibu zote, kauwazi kadogo tu kasiko na maana. Meropenemu peke yake ndiyo ina uwazi mpana. Na hapa katikati, kati ya seftazidimu na amoksisilini iliyochanganywa na klavulaniki, kuna uwazi wenye umbo la tundu la ufunguo. Mtu wa maabara akiliona tundu hilo hahitaji kuambiwa mengi. Bakteria huyu anatengeneza vimeng'enya vya kundi la ESBL, vinavyovunja penisilini na sefalosporini, yaani ukoo wa seftriaksoni, kabla hazijamfanya lolote. Klavulaniki inavizuia vimeng'enya hivyo, ndiyo maana dawa ya jirani inapata upenyo upande ule.

Tuseme sampuli ya namna hii imetoka kwenye damu ya mtoto mwenye umri wa siku nne. Wauguzi wa wodi za watoto wachanga mnajua kwamba sisemi jambo la kubuni.

Mtoto wa siku nne hajakatisha dozi yoyote. Hajaenda duka la dawa muhimu kununua vidonge vinne kwa sababu hela ya dozi nzima haikutosha. Hajameza ampiklosi aliyopewa na jirani. Kwa miaka mingi tumewaambia wananchi redioni kwamba usugu unatokana na wao kutomaliza dawa. Sisemi sasa waanze kukatisha dozi, wafamasia msije mkaninukuu vibaya. Ninachosema ni kwamba maelezo hayo hayamfikii mtoto huyu. Yeye ameukuta usugu uko wodini unamsubiri, na waliouleta na kuutunza pale ni watu tuliokaa humu ukumbini, mimi nikiwemo.

Naomba nieleze ulivyofika.

Bakteria hupata usugu kwa njia mbili kubwa. Moja ni mabadiliko ya bahati kwenye vinasaba vyake mwenyewe, ambayo huwarithisha wazao wake. Kifua kikuu sugu huja kwa njia hiyo, na ndiyo maana kule habari ya kumaliza dozi ina uzito wake kamili. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotutesa hospitalini kwa bakteria wa tumboni kama Klebsiella na E. coli, ni kupewa usugu na bakteria mwingine. Pembeni ya kromosomu yake bakteria anaweza kuwa na kipande kidogo cha DNA, mara nyingi cha mviringo, kinachoitwa plasmidi. Kinajinakili chenyewe. Bakteria mwenye plasmidi ya aina inayohama hutoa kijinywele, akamnasa jirani, akamvuta karibu, na nakala ikapita. Aliyetoa habaki mtupu; sasa wote wawili wanayo. Wala si lazima jirani awe wa ukoo wake. Klebsiella humpa E. coli, E. coli humpa Enterobacter. Ni kama vijana wanavyopeana flashi ya nyimbo: mmoja anautaka wimbo mmoja tu, lakini ananakili folda nzima, na kesho anaigawa folda nzima.

Hiyo folda nzima ndiyo shida yetu. Jeni ya ESBL iliyoenea zaidi duniani inaitwa CTX-M-15. Asili ya ukoo wake ni bakteria wa mazingira wanaoitwa Kluyvera, ambao hata wagonjwa wetu hawawajui. Jeni za ukoo huo zilitoka kwenye kromosomu za Kluyvera zikahamia kwenye plasmidi, na huko kwenye plasmidi CTX-M-15 mara nyingi haikai peke yake. Inakaa na jeni za kuishinda jentamisini, za kuishinda tetrasaiklini, za kuishinda septrini, na mara kwa mara na nyingine inayoipunguza sipro makali. Kwa hiyo ukimpa mgonjwa septrini, wanaobaki hai tumboni mwake ni wale wenye plasmidi hiyo, na umeutunza pia usugu wa seftriaksoni, dawa ambayo hukuigusa. Mtoto mchanga mwenye homa ya damu huanzishiwa ampisilini na jentamisini. Kwa plasmidi moja tu, zote mbili zimekwisha.

Kuna watu hudhani dawa ikipumzishwa kabatini itarudi na nguvu zake. Wakati mwingine hurudi kidogo. Lakini Uingereza ilipunguza matumizi ya sulfonamidi kwa asilimia 97 katika miaka ya tisini, na katika hospitali ya Royal London E. coli wenye usugu wa dawa hiyo walikuwa asilimia 39.7 mwaka 1991, na asilimia 46 mwaka 1999. Dawa imeondoka, usugu umeongezeka. Jeni ya sulfonamidi ilikuwa imebebwa pamoja na jeni za dawa ambazo bado zilikuwa zinatumika, nayo ikasafiri bure.

Wajapani walikuwa wa kwanza kuyaona haya. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa na kuhara damu kwingi, na sulfonamidi zikaishiwa nguvu upesi. Mwaka 1955 alipatikana mgonjwa aliyerudi kutoka Hong Kong akiwa na Shigella, bakteria wa kuhara damu, iliyokuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo: sulfonamidi, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Kwa hesabu ya mabadiliko ya bahati, dawa nne kwa wakati mmoja ni jambo la ajabu mno. Halafu madaktari wakagundua kitu cha ajabu zaidi: mgonjwa mmoja anaweza kutoa kwenye choo kimoja Shigella iliyo sugu na Shigella isiyo sugu, na E. coli wa tumbo lake hilo hilo wana usugu wa dawa zile zile nne. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na kundi lake, walionyesha kwamba ukiwachanganya E. coli sugu na Shigella isiyo sugu, Shigella inatoka na usugu wote. Walichapisha kwa Kijapani, na mabingwa wa Ulaya na Marekani wakachelewa kuwasoma. Tusiwacheke. Sisi wa maabara bado tunapeleka wodini majibu yaliyojaa vifupisho ambavyo daktari wa zamu ya usiku hana muda wa kuvitegua.

Jaribio lao linarudiwa hata leo, na halihitaji mashine ya mamilioni. Unachukua Klebsiella aliye sugu kwa sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni. Unamchukua E. coli wa maabara anayeitwa J53, ambaye anastahimili sumu iitwayo sodiamu azaidi lakini huuawa na sefotaksimu. Unawaweka pamoja kwenye brothi, unawaacha usiku mmoja. Asubuhi unawapaka kwenye sahani yenye azaidi na sefotaksimu kwa pamoja. Klebsiella hawezi kuota pale kwa sababu ya azaidi. J53 wa jana hawezi kuota kwa sababu ya sefotaksimu. Sahani ilitakiwa iwe tupu, lakini ukiinua kifuniko unakuta vidoa vidogo vimetawanyika, na kila kidoa ni ukoo wa J53 aliyepewa plasmidi usiku ule. Kama hilo linafanyika ndani ya kijichupa, fikirieni utumbo wa mgonjwa aliyelazwa wiki tatu, ambamo bakteria wamo kwa matrilioni na dawa inaingia kila asubuhi.

Niseme jambo moja kuhusu umri wa haya, kwa sababu kuna waheshimiwa hupenda kuuliza kama usugu umetengenezwa na mtu. Jeni za usugu zimepatikana kwenye udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000. Bakteria na fangasi wa udongoni wamekuwa wakipigana kwa kemikali tangu kabla ya binadamu kujua sabuni. Jeni zilikuwepo. Tulichofanya sisi ni kuzikusanya mahali pamoja, kuzipandisha kwenye plasmidi zinazohama, na kuzipa sababu ya kuzaliana.

Sasa nyumbani, Tanzania. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, Bjørn Blomberg na wenzake kutoka Bergen, Norwei, na Dar es Salaam walichunguza damu za watoto 1,828 waliolazwa mfululizo hospitali ya Muhimbili. Watoto waliokuwa na bakteria wa Gramu hasi, kundi la akina Klebsiella na E. coli, kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5. Wenye malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Tafadhali ziwekeni namba hizo mbili pamoja, kwa sababu kwa muda mrefu kila homa ya mtoto tuliiita malaria. Na walipotenganisha bakteria wenye ESBL na wasio nayo, vifo vilikuwa asilimia 71 kwa walio nayo na asilimia 39 kwa wasio nayo. Hao ni watoto wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. CTX-M-15 ilikuwa imeshafika.

Miaka michache baadaye ikaja habari ya Mwanza, na hii nataka tukae nayo, kwa sababu wenzetu wa hospitali ya Bugando wameifanyia nchi hii hisani kubwa kwa kuichapisha badala ya kuificha. Profesa Stephen Mshana na wenzake waliichapisha mwaka 2011. Kwenye wodi ya watoto wachanga damu zilianza kuotesha bakteria wanaofanana. Mwanzoni, kwa vipimo vya kawaida vya kuchachusha sukari na vya bakteria kushikamana wakikutana na seramu, walionekana kuwa Salmonella Paratyphi, bakteria wa homa ya jamii ya taifodi inayopitia chakula. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeanza kuwatafuta wapishi na kuwauliza akina mama wamekula nini. Lakini Salmonella ya aina hiyo kwa watoto wachanga wengi namna ile haikuingia akilini, wakaendelea kuchimba. Waliposoma vinasaba walikuta ni Enterobacter wa aina ambayo haikuwa imeelezwa kabla. Sampuli 17 za damu walizochunguza zilibeba CTX-M-15, na jeni hiyo ilikuwa kwenye plasmidi inayohama. Dawa zilizokuwa bado zinamwua ni sipro na karbapenemu, yaani ukoo wa meropenemu, basi. Walipopima mazingira ya wodi na maziwa wanayopewa watoto, wakamkuta bakteria yule yule, alama za vinasaba zinalingana.

Kuna mambo mawili hapo ninayoyapenda kama mtu wa maabara. La kwanza ni kwamba jina la bakteria lilikuwa limewapotosha, na kilichokuwa wazi tangu siku ya kwanza ni mpangilio wa usugu: dawa zile zile zinashindwa, wodi ile ile, mtoto baada ya mtoto. La pili ni maziwa. Hakuna aliyepanga kuwadhuru wale watoto. Maziwa yanachanganywa, yanakaa, chombo kinasuuzwa kwa maji yaliyopo, kinarudishwa. Kila hatua ni ya mtu mwema anayefanya kazi yake. Na dawa mpya kutoka ng'ambo isingeusafisha mlolongo huo.

Najua wapo wanaosema moyoni: haya ni ya kwetu kwa sababu hatuna hela. Twendeni basi Bethesda, Marekani, kwenye hospitali ya utafiti ya taasisi za afya za serikali yao, NIH. Juni 2011 alipokelewa mgonjwa kutoka hospitali ya New York, na walijua tangu anafika kwamba ana Klebsiella aliye sugu kwa karbapenemu, mwenye jeni inayoitwa KPC. Walimtenga. Walivaa makoti na glavu. Aliondoka salama mwezi Julai, wakashusha pumzi. Wiki tatu baadaye bakteria yule akaibuka kwa mgonjwa mwingine. Hatimaye waliambukizwa wagonjwa 18, wakafariki 11, na vifo 6 kati ya hivyo vilihusishwa moja kwa moja na bakteria huyo. Walipomsoma vinasaba herufi kwa herufi walithibitisha kwamba wote walitoka kwa mgonjwa yule wa kwanza. Walimkuta kwenye matundu ya masinki. Walimkuta pia kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa kwa jiki. Mwaka 2014 wakachapisha tena, safari hii wakifuata plasmidi zenyewe, wakaonyesha ushahidi kwamba jeni za namna hiyo zilikuwa zinahama kati ya bakteria wa koo tofauti humo humo ndani ya jengo.

Hilo la sinki lisiwapite. Bakteria hawa hujenga utando wa utelezi ndani ya bomba la maji machafu, chini pale penye kona inayobaki na maji muda wote. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Virginia walijenga maabara ya masinki, kweli kabisa, masinki yamepangwa mstari, wakaweka E. coli anayeng'aa chini kwenye kona ile. Akipata chakula, alipanda ukuta wa bomba kwa takribani sentimita mbili na nusu kwa siku. Alipofika juu kwenye kichujio, kila aliyefungua bomba maji yaligonga kichujio na kumrusha nje, kwenye beseni na kwenye meza ya pembeni. Na chakula chake ni nini? Ni tunachomwaga sisi: dripu ya dekstrosi iliyobaki, chai ya mgonjwa, uji, maziwa. Wakati mwingine tunamwaga na dawa yenyewe iliyobaki kwenye vaili. Kwa hiyo tunamlisha, kisha tunamfundisha.

Sinki la kunawia mikono liwe la kunawia mikono. Nikiruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa makatibu wa afya leo, ni hilo: sinki la pili, hata la plastiki, la kumwagia uchafu, mbali na meza ya kuandalia sindano.

Nirudi kwenye seftriaksoni, maana wafamasia wananitazama. Kwa nini imekuwa dawa ya kila mtu? Kwa sababu nzuri kabisa. Inapigwa mara moja kwa siku. Ni rahisi kwa bei, inaingia kila mahali hadi kwenye ubongo, na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hawezi kuzunguka na penisilini kila baada ya saa sita. Aliyeichagua hakuwa mjinga. Lakini sehemu kubwa ya seftriaksoni hutoka mwilini kwa njia ya nyongo, ikaingia utumboni ikiwa bado ina nguvu. Kila sindano unayompiga mgonjwa wa mapafu inafyeka bakteria wa tumboni wasio na hatia na kuwaachia shamba wale wenye CTX-M. Siku ya tatu mgonjwa huyo yuko vizuri, anakohoa kidogo, na choo chake kimejaa plasmidi. Halafu kuna mpira wa mkojo, kuna shuka, kuna mikono.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, lile la katikati katika makundi matatu. Na ndiyo sababu siwaelewi wanaoendelea kuwapiga akina mama waliojifungua kwa upasuaji siku tano au saba za seftriaksoni na flajili "kwa usalama". Mwongozo wa 2016 wa shirika hilo uko wazi: kinga ya upasuaji ni kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na kuendelea na dawa baada ya upasuaji kwa ajili ya kukinga tu hakupendekezwi. Siku zile za nyongeza hazimkingi mama. Zinabadilisha tumbo lake, na yeye ndiye anayemshika mtoto.

Sasa mikono. Nenda kasimame kwenye kona ya wodi yoyote saa nne asubuhi, usiseme kitu, ifuate jozi moja ya glavu. Imevaliwa kwa ajili ya kumwaga mkojo kitanda cha tano. Inashika mfuko, inashika bomba la mfuko. Inachukua kalamu, inaandika kiwango. Inarudisha faili kwenye toroli. Simu inaita, inaingia mfukoni, inatoka. Ndugu wa kitanda cha sita anasema dripu imesimama, glavu ile ile inageuza kanula, inabonyeza, dripu inakwenda. Aliyevaa anajisikia salama, na kweli yeye yuko salama. Glavu imemkinga yeye. Nimeona mara nyingi mno glavu zikitumika mahali pa kunawa, na mwenye glavu hatanawa kwa sababu haoni uchafu kwenye ngozi yake.

Simlaumu sista. Maji yamekatika tangu alfajiri na sinki liko mwisho wa korido. Kwa hiyo tuzungumze spiriti. Jeni ya CTX-M haimsaidii bakteria chochote mbele ya pombe. Wala KPC, wala jeni nyingine ya namna hiyo iitwayo NDM. Sugu na asiye sugu wanakufa pamoja ndani ya nusu dakika, kama mikono haina uchafu unaoonekana. Na kitakasa mikono si lazima kinunuliwe kwa chupa za bei mbaya. Famasi ya hospitali inaweza kukitengeneza kwa mwongozo wa WHO: kwa lita kumi, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ujazo utimie lita kumi. Unakiacha saa 72 ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizokuwemo kwenye maji au chupa, ndipo unakigawa. Chupa iwekwe kitandani, kwenye mguu wa kitanda, siyo mlangoni. Mlangoni atanawa akiingia tu, na hatari iko kati ya kitanda cha tano na cha sita.

Mwisho upande wetu wa maabara. Tumezoea kupeleka ripoti ya robo mwaka kwa majina: Klebsiella kadhaa, E. coli kadhaa, Enterobacter wachache. Meneja anaona makundi matatu madogo, hakuna mlipuko, anasaini. Inawezekana kabisa ni plasmidi moja inayozunguka wodi moja ikiwa imevaa majina matatu. Hatuna mashine za kusoma vinasaba kila mkoa, lakini daftari tunalo. Napendekeza jedwali lingine, la wodi kwa wodi, ambalo safu yake ya kwanza ni mpangilio wa usugu, jina la bakteria linafuata. Wagonjwa wawili wa wodi moja katika mwezi mmoja wakiwa na mpangilio ule ule, hata kama bakteria ni wa koo tofauti, maabara inyanyue simu siku hiyo hiyo. Simu, siyo barua yenye kumbukumbu namba. (Makofi.)

Nitajibu maswali mawili yaliyoletwa kwa karatasi, kisha nimpishe mwenzangu.

La kwanza linatoka kwa mganga mfawidhi: hospitali yake imepata fungu, je aagize meropenemu ya kutosha? Daktari, agiza kidogo, na iwe na mlinzi. Jeni ya NDM-1, inayoivunja meropenemu, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa New Delhi. Kufikia 2011 ilikuwa imeripotiwa Nairobi, kwenye Klebsiella waliokuwa wamehifadhiwa tangu 2007 hadi 2009, maana yake ilikuwa Afrika Mashariki kabla hatujaipa jina. Na mwaka huo huo wa 2011 ilipatikana kwenye maji ya bomba ya New Delhi, sampuli 2 kati ya 50. Ukiileta meropenemu kwenye wodi ambayo sinki lake liko kama nilivyolieleza, utakuwa umenunua miaka michache tu. Kabla ya oda hiyo, weka oda ya ethanoli, na ya chupa za kuoteshea damu, ili atakayepewa meropenemu awe anaihitaji kweli.

La pili ni la matroni: je, waanze kupima kuta na sakafu kila mwezi? Hapana, mama. Kupima kuta kila mwezi ni kutupa pesa; utakuta bakteria, kwani ukuta ni ukuta. Pima mazingira pale tu wagonjwa wanapoonyesha mpangilio mmoja, na hapo uanze na penye unyevu: sinki, ndoo, vyombo vya maziwa, mirija ya oksijeni. Kwa mgonjwa wa rufaa aliyelazwa kwingine zaidi ya wiki, mchukulie swabu ya njia ya haja kubwa siku anayofika, mlaze kitanda cha mwisho karibu na choo chake mwenyewe kama kipo, na mpe chupa yake ya kitakasa. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Swabu tunazo, fomu ni ile ile ya kawaida, andikeni tu "rufaa" kwa herufi kubwa juu kulia, wenzangu wa mapokezi ya sampuli wanajua la kufanya.